Katekisimu Ndogo kwa Kinanda Kimoja

Teki ya 17, yaani jaribio la 17 la kurekodi, ndiyo iliyonivua nguo. Kijana wa studio alishusha hedifoni shingoni, akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya adabu ya kumwambia mwalimu wake kwamba zipu imefunguka, halafu akasema, "Mwalimu, nota umezipiga zote. Ila kila ukimaliza kipande, vidole vyako vinaondoka kwa foleni."

Akanirudishia sekunde chache za mwisho. Ni kweli. Sauti nne zilizopaswa kunyamaza pamoja zilikuwa zikishuka moja moja kama abiria wa Hiace: ya kwanza ikatangulia, ya nne ikafuata, ya pili ikajikongoja, na ya tatu ikabaki inaning'inia peke yake kama mtu aliyesahau kituo chake. Tukasikiliza miisho ya vipande vingine. Hivyohivyo. Tukasikiliza katikati, pale sauti moja inapotakiwa kuachia ili nyingine iingie. Hivyohivyo.

Nimepiga kinanda kanisani miaka 26. Nimepiga ndoa, misiba, Krismasi, Ijumaa Kuu, hata harambee ya kuezeka nyumba ya mchungaji. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kunitajia habari ya foleni.

Sababu naijua sasa. Kanisani sipigi peke yangu. Watu mia tano wakimaliza mstari, kila mmoja anaumaliza kwa wakati wake: kina mama wa mbele wanavuta, vijana wa nyuma wamekwisha kukata, na mzee mmoja wa benchi la tatu kulia bado yuko kwenye irabu. Ndani ya bahari hiyo vidole vyangu vingeweza kuondoka hata kwa zamu ya nusu saa na hakuna ambaye angesikia. Nilikuwa nimefichwa na usharika mzima, nami sikujua kwamba nimejificha.

Niseme kwanza nilikuwa narekodi nini, maana wenzangu waliposikia naingia studio walidhani ni pambio.

Mimi ni mtu wa Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kwetu huwezi kupata kipaimara kabla hujaimeza Katekisimu Ndogo ya Martin Luther: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Maungamo, Chakula cha Bwana. Na kila baada ya kifungu linakuja swali lilelile, "Maana yake nini?" Nililikariri jibu la kila kifungu nikipita kwenye migomba asubuhi kwenda shule, midomo ikicheza, na mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nitakujibu bila kufungua macho. Yaliyokuwa ndani ya majibu hayo ni habari nyingine.

Nilikuwa na mvi za kwanza nilipogundua kwamba Johann Sebastian Bach aliiweka katekisimu hiyohiyo kwenye kinanda. Mwaka 1739 huko Leipzig alichapisha kitabu alichokiita Sehemu ya Tatu ya Mazoezi ya Kinanda. Kina vipande 27, na 21 kati yake vimejengwa juu ya nyimbo za kanisa, zile ambazo Wajerumani huziita korale na sisi tunaziita nyimbo za kitabuni. Kilichonishika ni mpangilio wake. Kila wimbo wa katekisimu ameuandika mara mbili: mara moja kwa ukubwa, kwa mikono na miguu, kwenye kinanda kikubwa cha mabomba chenye pedali, na mara ya pili kwa udogo, kwa mikono tu. Luther naye mwaka 1529 alitoa katekisimu mbili, Kubwa na Ndogo, ya kwanza kwa ajili ya wachungaji na walimu, ya pili kwa ajili ya watoto na watu wa nyumbani. Ukijumlisha Kyrie (ile "Bwana, utuhurumie") na Utukufu zinazotangulia, vile vidogo vya mikono tu vinafika 11.

Sasa weka na hili. Bach alikuwa kiongozi wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas, Leipzig, tangu 1723 mpaka alipofariki 1750. Wamisionari waliofungua kazi ya Kilutheri hapa Machame mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig. Mji uleule. Nyimbo nyingi tunazozisoma katika Mwimbieni Bwana, kitabu chetu cha nyimbo, na zile ambazo vijana wa tarumbeta wanazipuliza makaburini, ni ndugu wa damu wa nyimbo ambazo Bach alizichukua akazizungushia sauti nyingine. Miaka yote nimekuwa nikizipiga zikiwa zimevaa nguo za kila siku, sikujua kwamba huko kwao zina kanzu za sikukuu.

Kinanda chetu cha usharika ni cha umeme, funguo 61, hakina pedali. Kwa hiyo vile vikubwa vilikuwa nje ya uwezo, vidogo vikawa vyangu. Nilifurahi kama mtu aliyepata punguzo dukani. Nilidhani ndogo maana yake rahisi, na hilo ndilo kosa langu la kwanza, kwani Katekisimu Ndogo yenyewe haikunifundisha? Sentensi fupi, na mtu mzima anaishi miaka 50 hajaimaliza.

Chukua kipande cha Imani. Kina hatua 15 tu, yaani vile vyumba vya mapigo vinavyotenganishwa na mistari wima kwenye karatasi ya nota, ndicho kifupi kuliko vyote kitabuni, na kinasimama katikati kabisa ya kitabu. Ni fuga ndogo. (Fuga hapa si ya kuku wala ng'ombe. Ni ufundi ambamo sauti moja inatoa wazo, ya pili inalichukua, ya tatu inalichukua, na zote zinakimbizana bila kugongana. Ingawa siku za mwanzo, kwa vidole vyangu, palifanana kabisa na kuku walioachiwa banda.) Mwendo wake ni wa kurukaruka, nota ndefu halafu fupi, ndefu halafu fupi, namna ambayo Wafaransa wa enzi ile waliitumia kumkaribisha mfalme ukumbini. Ukizilainisha zile fupi kidogo tu, mfalme anakuwa mlevi. Ukizikaza mno, anakuwa askari.

Au chukua Zaburi ya 130, "Toka vilindini", ambayo Luther aliifanya wimbo wa toba. Wimbo wenyewe unakuja juu kwa nota ndefu sana. Kabla ya kila mstari, sauti tatu za chini zinautangaza kwa kukimbizana, moja ikiuimba kama ulivyo na nyingine ikiugeuza juu chini. Vidole kumi, sauti nne, na kidole chako kidogo cha kulia kimefungwa kwenye nota ndefu wakati wenzake wanahangaika chini yake. Nilikipiga miezi mitano kila alfajiri kabla sijathubutu kumpigia simu kijana wa studio.

Nirudi kwenye aibu yangu.

Kijana yule ni fundi kweli, simlaumu. Aliposikia vidole vyangu vina foleni alisema, "Usijali mwalimu, tutanyoosha." Kwa sababu kinanda kilikuwa kimeunganishwa na kompyuta, kila nota niliyopiga ilikuwa imeandikwa kama kijistari kwenye skrini, na unaweza kuvishika vijistari hivyo ukavipanga vikae sawa na saa. Akabonyeza. Vyote vikasimama mstarini kama wanafunzi wa paredi. Akacheza.

Sijui nielezeje nilichosikia. Hakukuwa na kosa hata moja. Imani, ile yenye mfalme anayeingia ukumbini, ilikuwa imekuwa mlio wa simu. Nota ndefu na fupi zilizokuwa na mdundo wa hatua za mtu sasa zilikuwa na mdundo wa taa za gari zinazoashiria kona. Yeye alifurahi. Akaongeza na zawadi: katika kipande cha Amri Kumi, ambacho Bach amekiandika kwa mwendo wa kuchezacheza wa vipigo 12, kijana aliweka biti ya ngoma chini. Ikakubali! Ikakubali vizuri kiasi kwamba mguu wangu ulianza kugonga sakafu kabla sijaukanya. Kwa nusu dakika Amri Kumi za Mungu zilikuwa sebene. Nilimwomba aifute, lakini nakiri nilimwomba nakala kwanza.

Nikamlipa saa zake, nikarudi mlimani bila rekodi.

Mama yangu ana miaka 79, na ameimba sauti ya pili katika kwaya tangu akiwa msichana. Hasomi nota za mistari, anasoma solfa, zile herufi za do, re, mi, kwa kasi ya watu kusoma magazeti. Jioni moja nilikuwa nimekaa sebuleni nimeinamia karatasi za Bach, akaniuliza ninahangaika na nini. Nikamwambia. Akasema, "Niandikie sauti yangu."

Nikamwandikia. Kipande cha Sala ya Bwana, sauti ya pili peke yake, kwa solfa, nyuma ya karatasi za mitihani ya Kidato cha Pili. Siku iliyofuata shemeji yangu akapita kuchukua dawa ya ng'ombe, nikamkalisha na sauti ya nne. Mke wangu akachukua ya kwanza, ambayo ni wimbo wenyewe. Ya tatu nikaishika mimi. Tulikuwa watu wanne, taa ya sola, na chai.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna mtu aliyefanya maisha yake yote kwa njia hiyo. Helmut Walcha, Mjerumani aliyezaliwa Leipzig hiyohiyo mwaka 1907, alipofuka akiwa na miaka 19. Kila kipande cha Bach alijifunza kwa kupigiwa sauti moja moja, akiishika kichwani moja baada ya nyingine, kisha akiziunganisha mwenyewe. Kwa njia hiyo akarekodi kazi za Bach za kinanda cha mabomba mara mbili. Ukisikiliza rekodi zake utafahamu mara moja: hakuna sauti iliyo mtumishi wa nyingine. Kila moja inajua inakotoka na inakokwenda.

Basi tukaimba. Mke wangu akaenda mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika kipande hiki Bach hakuuachia wimbo nafasi. Mistari yote sita inafuatana juu bila kituo, mwanzo hadi mwisho, na sauti tatu za chini zinaendelea kutembea. Tulipofika katikati mama alinyanyua mkono kutusimamisha. Alikuwa anahema.

"Baba," akaniambia, "huyu mtu anapumua wapi?"

Nikatazama karatasi. Haikuonyesha popote. Miezi mitano nimekipiga kipande hicho na swali hilo halikunijia hata mara moja, kwa sababu vidole havihitaji hewa. Mama yeye alilihitaji jibu, na alilihitaji wakati huohuo. Hakunisubiri. Alichukua kalamu yangu ya risasi, akaimba sauti yake kimoyomoyo, akaweka vijialama kama mkia wa mbuzi pale alipoona neno limekwisha. Shemeji akaweka vyake, na havikulingana na vya mama. Nikataka kuwasahihisha wapumue pamoja, kwaya ndivyo tunavyofundishwa. Tukajaribu. Ikafa. Tukarudi kila mtu apumue kwake, na Sala ya Bwana ikaanza kusogea chumbani kama watu wanaotembea njia moja kila mmoja na hatua yake.

Usiku ule nilikumbuka kinanda nilichojifunzia. Kilikuwa cha kukanyaga, cha mwinjilisti mmoja mzee, kimeliwa na mchwa upande mmoja. Ukiacha kukanyaga, upepo unakwisha na wimbo unakufa mikononi. Nilikuwa mtoto wa miaka 11, miguu haifiki vizuri, na mwili wangu wote ulijua kila mstari unagharimu hewa kiasi gani. Kisha usharika ukanunua kinanda cha umeme, watu wakapiga vigelegele, mimi nikapiga makofi kuliko wote. Hakuna tena kukanyaga. Bonyeza, inalia, itaendelea kulia mpaka Yesu arudi. Hata Bach hakuwa na anasa hiyo: ili apige kinanda cha mabomba ilibidi kuwe na watu nyuma wanaokanyaga mivukuto. Mimi ndiye niliyepewa upepo wa bure, na mtu akipewa kitu bure hasahau kukitumia tu, husahau kwamba kipo.

Wiki tatu zilizofuata sikupiga kipande chochote. Nilifanya mazoezi ya kuachia. Naweka vidole, napiga mlio mmoja wa sauti nne, nahesabu, naondoa vyote kwa pamoja, nasikiliza kimya. Tena. Kisha naondoa kimoja tu, vitatu vibaki. Kisha viwili. Majirani walidhani kinanda kimeharibika. Piano, ukibonyeza, sauti inaanza kufa yenyewe, kwa hiyo mwisho wake ni mlaini hata usipoujali. Kinanda cha kanisani hakifi. Sauti inasimama ilivyo mpaka wewe uikate, ndiyo maana mahali unapoikatia pana uzito uleule wa mahali ulipoianzia. Mwalimu yeyote wa kinanda kizuri angeniambia hili siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na mwinjilisti, na mwinjilisti alikuwa na mchwa.

Safari ya pili sikurudi studio. Chumba kile kimezibwa kwa magodoro na trei za mayai, na sauti ikikatwa mle inakatika kama kamba. Nilimwomba kijana apande yeye mlimani na maiki zake mbili. Tukatoa sauti ya kinanda kwenye spika za kanisa, tukaweka maiki katikati ya safu ya mabenchi, tukarekodi kile kanisa lenyewe lilichosikia.

Ilikuwa Agosti, na anayeijua baridi ya Machame ya Agosti usiku atanihurumia. Tulianza saa nne usiku, baada ya magari kupungua. Nilikuwa na chupa ya chai miguuni na glavu za mtoto wangu ambazo nimezikata ncha. Usiku wa kwanza tulipigana na popo wa darini. Wa pili, mlinzi alisahau redio yake ya taarifa ya habari, na nina Kyrie moja nzuri sana ambayo nyuma yake kuna bei ya mahindi. Wa tatu umeme ulikatika katikati ya "Toka vilindini", gizani totoro, na mwangwi wa nota ya mwisho ukaendelea kutembea ukutani kwa muda baada ya kinanda kufa. Tulikaa kimya wote wawili. Kijana akasema, "Hiyo ndiyo tulikuwa tunaitafuta," na kwa bahati mbaya alikuwa sahihi, kwani kompyuta yake ilikuwa na betri na ilirekodi, ila ilikuwa nusu ya kipande.

Mwangwi huo ulinilazimisha kubadilisha mwendo. Kasi niliyoizoea nyumbani, pale kanisani ilivurugika. Mstari mpya ulikuwa unakanyaga mkia wa uliopita. Nikapunguza. Kisha Amri Kumi zikawa nzito kama mahubiri ya Jumapili ya pili ya mwezi, nikaongeza kidogo, lakini nikafupisha kila nota ili kuwe na mwanya wa hewa kati yao. Mwendo ule ule, lakini ukisikiliza unaona mwepesi. Nilijifunza kwa njia ndefu kwamba chumba nacho ni sauti ya tano, na kinaingia kila wakati bila kuhesabiwa.

Katika usiku hizo nilimfikiria sana Albert Schweitzer, daktari wa Lambarene kule Gabon, ambaye kabla ya udaktari alikuwa mpiga Bach mashuhuri. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye pedali, iliyotengenezwa kwa bati la zinki ndani ili unyevu na wadudu wa tropiki wasiimalize. Alifanya mazoezi jioni, baada ya wagonjwa, msituni. Kisha mwaka 1935 akaenda London, akarekodi katika kanisa la All Hallows karibu na Mnara, na mwaka uliofuata Strasbourg. Aliwatazama Waafrika kama wadogo zake, na hilo halinipendezi hata kidogo. Lakini picha ya mtu anayepiga pedali usiku huku mchwa wakisubiri nje ya bati, hiyo naielewa kwa mifupa.

Kwa teki tulizopata ilibidi kuchagua. Unaweza kukata hapa na kuunga pale, na ukiwa na mwangwi wa kanisa lazima ukate mahali ambapo mwangwi wa teki moja unafanana na wa nyingine, la sivyo unasikia ukuta ukihama. Kati ya vipande 11, vinane ni teki moja moja isiyoguswa. Viwili vina kiungo kimoja. Cha Ubatizo kina viungo vinne, na sitasema viko wapi.

Tulipomaliza nikaweka vipande vyote kwenye jukwaa moja kubwa la video. Baada ya siku mbili nikapokea barua pepe kwamba kipande cha Imani si mali yangu. Kampuni moja ya rekodi ya Ulaya ilikuwa inadai kwamba sauti hiyo ni ya msanii wake. Nilisoma mara tatu. Bach amekufa tangu 1750 na nota zake hazina mwenyewe. Mashine ilikuwa imesikiliza hatua zangu 15, ikalinganisha na za mtu mwingine, ikaona tumefanana mno. Mke wangu alitaka tuifremu ile barua. Mimi nilikasirika kwanza, kisha nikajaza fomu ya kupinga, nikaeleza nani amepiga, wapi, lini. Ikachukua wiki tatu wakaniachia. Kama unataka kurekodi muziki wa namna hii, tunza faili zako zote ghafi, zenye tarehe, pamoja na popo na bei ya mahindi. Hakuna msanii wa Ulaya mwenye bei ya mahindi kwenye Kyrie yake.

Mama aliisikiliza rekodi yote kwa simu yangu, spika ndogo ikiwa sikioni kama anayeongea na mtu wa mbali. Kwenye Sala ya Bwana midomo yake ilicheza sauti ya pili. Alipofika mahali fulani aliguna akasema, "Hapa umechukua pumzi ya shemeji yako, si yangu." Ilikuwa kweli.

Mwezi uliopita mwinjilisti alinikaribisha darasa la kipaimara. Watoto 34, Jumamosi, njaa tayari imeanza kuwauma. Nikawapigia rekodi ya Amri Kumi na kuwapa kazi: kile kipande kinaanza na nota moja inayogongwa mfululizo, kama mtu anabisha hodi. Kila mtakaposikia wazo hilo linaingia upya, nyoosheni kidole. Mwisho tuhesabu.

Wengi walipata sita. Wawili walipata saba, wakajitetea. Kijana mmoja alipata 13, tukamwambia apumzike. Nikarudia. Sita tena. Ndipo msichana wa benchi la nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema ni kumi.

"Ziko wapi nyingine nne?"

"Zimesimama kwa kichwa," akasema. "Zinashuka pale zile nyingine zinapopanda."

Ndivyo ilivyo. Bach ameliingiza wazo mara kumi, sita kama lilivyo na nne likiwa limepinduliwa. Mimi mwenyewe nililigundua kwenye karatasi, kwa rula. Yeye kwa masikio, mara mbili tu.

Darasa likalipuka. Sasa walitaka kujua ni amri zipi zilizopinduliwa. Mmoja akasema ya saba, kwa sababu mtaani kwao wanaiba kuku. Mwingine akasema ya nne, akamtazama mwenzake aliyegombana na mama yake asubuhi. Kelele zikazidi, mwinjilisti akagonga meza, akatazama saa, kisha akanigeukia akasema, "Mwalimu, hebu rudisha mwanzo."